Ukumbi Ukijaa Pomoni, Sakafu Je?

Kiswahili kina neno la kuusifia mkutano: husemwa kwamba ukumbi ulijaa pomoni. Mwenye shughuli hulisikia akafurahi. Mhandisi alisikiapo, huuliza: sakafu hiyo ilijengwa ibebe nini?

Sisi wa Pwani ya Kusini tunalielewa swali hilo kwa uchungu. Tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyopakia watu kupita kiasi ilizama Mtongwe, na watu 272 wakafa maji. Tangu siku hiyo hakuna asiyejua kwamba chombo kina kikomo. Lakini ni wangapi kati yetu, walimu na wanafunzi, tujuao kwamba sakafu ya ghorofa nayo ina kikomo chake?

Kwa vipimo vya Uingereza, ambavyo wahandisi wetu wamevitumia miaka mingi, sakafu ya nyumba ya kuishi hukadiriwa mzigo wa kilo 150 hivi kwa kila mita mraba. Ya darasa, kilo 300. Ya ukumbi usio na viti vilivyokazwa, kilo 500. Basi anayeigeuza nyumba ya kupangisha kuwa shule au ukumbi wa arusi huitwika sakafu mzigo maradufu, hata mara tatu, ilhali nguzo na nondo ni zile zile. Umati ukirukaruka kwa mdundo mmoja, mzigo huzidi tena.

Kutoka Diani hadi Msambweni yuko adui wa pili, nayo ni chumvi. Mchanga wa ufuoni usiooshwa, pamoja na upepo wa bahari, huzitia kutu nondo zilizomo ndani ya zege. Nondo hufura, zege likapasuka. Ufa wenye rangi ya kutu haufichwi kwa chokaa, huitiwa mhandisi.

Tarehe 23 Septemba 2019, madarasa ya shule ya Precious Talent jijini Nairobi yaliporomoka asubuhi, yakawaua wanafunzi. Tusingoje zamu yetu.

Kila mlango wa ukumbi na ubandikwe idadi ya watu iliyoidhinishwa na mhandisi. Serikali ya Kaunti ya Kwale isiruhusu nyumba ibadilishwe matumizi kabla sakafu yake haijakaguliwa. Naye mwalimu mkuu awe na ujasiri wa kuhesabu watu na kufunga mlango, hata kama mgeni wa heshima yungali nje.

Siku hiyo, neno pomoni litakuwa onyo, wala si sifa.