MCHEZAJI WA KUAZIMA

Wako wasemao kwamba timu ikitaka ushindi na itafute wachezaji popote. Mimi sikubali.

Mwaka 2003, mjini Paris, nchi ya Qatar ilipata nishani ya dhahabu katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Mshindi alikuwa Saif Saaeed Shaheen, ambaye muda mfupi kabla yake aliitwa Stephen Cherono, Mkenya. Mwaka 2004, katika Olimpiki ya Athens, sheria haikumruhusu kuikimbilia nchi yake mpya. Nishani zote tatu za mbio hizo zilikwenda Kenya! Aliondoka mmoja, wakabaki wengi waliokwisha kulelewa.

Mwaka huo huo Qatar ilianzisha chuo cha michezo cha Aspire. Humo alifunzwa Mutaz Barshim, mzaliwa wa Doha, ambaye mwaka 2021 alitwaa dhahabu ya kuruka juu mjini Tokyo, pamoja na Mwitalia mmoja. Basi hata penye fedha, kulea kwafaa.

Nasi katika mashindano ya shule twawajua mamluki, wachezaji wasio wanafunzi. Kila mamluki avaapo jezi, mwanafunzi aliyefanya mazoezi muhula mzima hukaa nje akitazama. Kikombe chaja, lakini nani kati yetu amejifunza kucheza?

Walimu na wazazi, tupeni mipira na saa za mazoezi. Heri tushindwe mwaka huu tukijifunza. Nguo ya kuazima haisitiri.