Mahindi ya Ukungu si Chakula cha Njiwa wala Sungura

Huko Mulot, mahindi yakiota ukungu ghalani, mwenye nyumba huyatenga akasema, "Haya ni ya njiwa na sungura." Neno hilo lina hatari. Ukungu huo waweza kuzaa sumu iitwayo aflatoksini, isiyoondoka kwa kupikwa. Mwaka 1960 huko Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye sumu hiyo. Mwaka 2004, mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwamo. Kilichomwua mtu hakitamwacha sungura.

Njiwa na apewe mtama, wimbi na mahindi makavu yaliyovunjwa, pamoja na changarawe ndogo za kumsaidia kusaga chakula, kwa kuwa hana meno. Chakula hasa cha sungura ni nyasi zilizokaushwa vema. Nafaka iwe kidogo tu. Simbilisi huongezewa sukumawiki kila siku, maana mwili wake hauwezi kujifanyizia vitamini C. Maji safi yasikosekane.

Mahindi mabovu na yafukiwe, yasitupwe uani, kuku wasije wakayadonoa. Heri kupoteza debe moja kuliko kuzika mifugo.