Usinunue Kebo Mpya Kabla ya Kusoma Iliyo Ukutani

Jamani, kuna biashara moja inanikera sana. Mtu anapandisha kifurushi cha intaneti, kasi inakwama kwenye megabiti 94 hivi, anaita fundi. Fundi kabla hata hajatoa bisibisi anatangaza: kebo zote ni za kizamani, tung'oe, tuweke Cat 8. Cat 8! Hiyo ni ya vituo vya data, gigabiti 25 hadi 40 kwa mita 30 tu. Wewe unatazama filamu Kasarani!

Kiwango cha gigabiti moja ambacho IEEE ilipitisha mwaka 1999 kiliundwa kipite kwenye Cat 5, ile ile iliyokuwa tayari maofisini, hadi mita 100. Mwaka 2016 kikaja 802.3bz: gigabiti 2.5 kwenye Cat 5e, mita hizo hizo 100. Sasa niambie, nyumba ya vyumba viwili ina mita ngapi?

Tena hiyo 94 inazungumza. Ndiyo kasi unayobaki nayo kwenye laini ya megabiti 100, ambayo hutumia jozi 2 za nyaya. Gigabiti hutaka jozi zote 4. Waya wa buluu au wa kahawia ukibanwa vibaya kwenye kichwa cha RJ45, vifaa vingi hushuka hadi 100 kimya kimya, na dawa yake ni kichwa kipya, si kebo mpya.

Kwa hivyo soma kwanza maandishi kwenye ganda la kebo. Angalia kichwa: nyaya 8 au 4? Kisha iulize kompyuta. Kwenye Linux andika ethtool na jina la kadi yako ya mtandao, utazame mstari wa Speed. Ikisema 100, hakikisha matundu ya ruta yenyewe ni ya gigabiti (nyingi za bei rahisi si za gigabiti!). Ikisema 1000, pima kwa iperf3 kati ya mashine mbili humo humo nyumbani, ili kampuni ya intaneti isiingie kwenye hesabu.

Kebo ninayokubali ing'olewe ni ile ya alumini iliyopakwa shaba, inayouzwa kwa jina la Cat 6 ilhali viwango vinadai shaba tupu. Kwaruza waya kwa kisu. Ndani pakiwa peupe, umeuziwa alumini. Na mara nyingi ndiyo hiyo fundi wa Cat 8 amebeba kwenye mkoba.