Mabati ya shule yasilazwe chini



Nina dukuduku kuhusu utunzaji wa mabati yanayoletwa vijijini kwa ajili ya kuezekea shule na zahanati.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Hapa kijijini wananchi walichanga fedha, wakafyatua matofali na kuinua kuta za madarasa mawili. Mabati yaliletwa mwezi wa Machi, wakati wa mvua, na kenchi zilikuwa bado. Tuliyalaza chini, moja juu ya jingine, tukayafunika turubai. Baada ya miezi miwili tuliyakuta yametapakaa unga mweupe kama chokaa, na machache yana madoa ya kutu. Wapo waliosema tumeuziwa mabati bandia. Mimi nasema kosa lilikuwa letu sote, nami nikiwemo.

Bati ni chuma kilichopakwa zinki. Kiwandani chuma hupitishwa katika zinki iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 450 hivi za Sentigredi. Utando wake ni mwembamba mno. Hata bati lenye gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba, kwa pande zote mbili, lina utando wa kama sehemu 20 tu za elfu moja ya milimita kila upande. Mabati mengi ya bei nafuu yana pungufu ya hapo.

Utando huo hujilinda wenyewe ukipata hewa. Zinki hufanya oksidi ya zinki, ikipata unyevu hufanya haidroksidi, kisha hewa ya ukaa huigeuza kuwa kaboneti, yaani ngozi ya kijivu iliyoshikamana ambayo mvua haiiondoi upesi. Ndiyo maana bati jipya hung'aa, baadaye likafifia. Huko kufifia si kuharibika.

Lakini mabati yakibanana yakiwa yamelowa, hewa haipiti kati yake. Ngozi ile ya kijivu haifanyiki, na maji huendelea kuila zinki. Unga mweupe tuliouona ni zinki iliyokwisha kuliwa, nao haukingi chochote. Zinki ni ile ile. Iliyotofautiana ni hali tuliyoiweka.

Kwa hiyo nashauri kamati za ujenzi zifanye hivi. Kwanza, mabati yasiagizwe kabla kenchi hazijapigwa. Pili, yakifika mapema yawekwe ndani, juu ya magogo, yakiwa yameinama upande mmoja ili maji yachuruzike. Tatu, yakilowa yatenganishwe na kuanikwa moja moja siku hiyo hiyo. Nne, wakati wa kununua tuulize bati lina gramu ngapi za zinki, tusiangalie kung'aa tu.

Viongozi wanaotuletea mabati nao watuletee maelezo haya kwa Kiswahili, yabandikwe kwenye mbao za matangazo. Kila bati linalooza chini ya turubai ni jasho la mzazi aliyeuza debe la mahindi ili mtoto wake asinyeshewe darasani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Kijiji,
Njombe.