Ila ni ya Gari, Aibu ni ya Nani?

Neno aibu lina safari ya ajabu katika lugha yetu. Kwa Waarabu, tulikolitoa, ni kasoro ya kitu chochote: ufa wa mtungi, kilema cha ngamia, tobo la nguo. Sisi Waswahili tukalitoa kwenye kitu tukalitia usoni mwa mtu, na kasoro ya kitu tukaiita ila. Nimepata wasaa mwingi wa kulitafakari jambo hili, maana ninamiliki gari dogo bovu, na mwenye gari bovu hukosa mambo mengi lakini hakosi wasaa wa kukaa kando ya njia akitafakari.

Gari lenyewe ni la silinda tatu, injini ya sisi 1000, lililoletwa kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika huko. Jina lake silitaji, kwani kiwanda sina ugomvi nacho. Pengine lilitoka huko likiwa zima. Nimekaa nalo miaka miwili. Limenizimikia kwenye foleni ya feri ya Likoni mchana wa jua kali, likanizimikia kwenye mlima wa Mazeras, na usiku mmoja likanizimikia ndani akiwamo shangazi yangu aliyekuwa akipelekwa hospitali, tukamhamishia kwenye tuktuk ya mpita njia. Alhamdulillahi, alifika. Lakini tangu usiku ule sicheki tena wenzangu barazani wanapolifanyia gari langu mzaha.

Ugonjwa wake mkubwa ni joto. Injini hupozwa kwa maji yanayozunguka baina yake na rejeta, na njiani pana kidude kiitwacho themostati, chenye nta ndani, ambacho huziba njia injini ikiwa baridi na kuifungua maji yanapofika nyuzi 80 na kitu. Mafundi wetu wengi wana itikadi kwamba kidude hiki ni cha nchi za theluji, na kwamba Mombasa, kwa joto letu hili, hakina kazi. Basi hukitoa wakakitupa. Injini isiyokuwa nacho hukawia kupata joto lake la kazi, hunywa petroli zaidi na huchakaa kabla ya wakati. Tena huunganisha waya wa feni moja kwa moja, ikawa yazunguka tangu ufunguo unapotiwa mpaka unapotolewa, hadi siku inapoungua yenyewe.

Maji nayo yana neno lake. Wakazi wa kisiwani wanayajua maji ya visima vyetu: hata sabuni haitoi povu sawasawa. Maji hayo yakitiwa katika rejeta, chumvi yake huila aluminiamu polepole, na chokaa ya miamba yetu huganda katika vijia vyembamba kama igandavyo ndani ya birika. Rejeta huziba, injini hupata moto, kifuniko cha silinda hupinda, na ile gasketi inayotenga maji na oili huungua. Ukichomoa kijiti cha kupimia oili utaiona imekuwa nyeupe kama tui la nazi. Ukiona tui hilo, jua mfuko wako umekwisha kutoboka.

Mpaka hapo ni mambo ya vyuma, na chuma hakina dhambi. Tazama sasa werevu wa binadamu unaofuata. Gari lenye ila kama hii likitaka kuuzwa, huoshwa injini ikang'aa, hubadilishwa oili asubuhi ile ile ili tui lisionekane, na rejeta hutiwa dawa ya kuziba. Kwa kuwa themostati haipo na feni haipumziki, mnunuzi akilijaribu kutoka Makupa hadi Mwembe Tayari na kurudi, mshale wa joto hauinuki. Na kama ile taa ya kuonya ya injini ilikuwa ikiwaka, huzimwa moja kwa moja. (Hili ni rahisi kulipima. Ufunguo unapozungushwa kabla ya kuwasha injini, taa ile sharti iwake kwanza, kisha izime injini ikinguruma. Isipowaka kabisa, uliza.) Mnunuzi hushika njia akishukuru, na dalali huhesabu chake.

Mimi sikununua kwa macho matupu. Kabla ya kutoa hata senti nililipeleka gari kwa fundi, nikamlipa alitazame. Akainama, akainuka, akafuta mikono. "Mzee, chukua," aliniambia. "Injini hii haijafunguliwa." Miezi mitatu baadaye, gasketi ilipoungua, nilimrudia yeye huyo huyo. Alipoanza kufungua, nikamwambia aitazame na themostati. Akajibu bila hata kuinua kichwa kwamba haimo, kwa sababu aliitoa mwenyewe, wakati gari lilipokuwa la bwana aliyeniuzia. Nikamwuliza mbona siku ile hakuniambia. "Mzee," alisema, na wala hakuona haya, "ningevunja biashara ya mtu."

Neno hilo ndilo lililonifanya niishike kalamu. Nimeliuliza kwa watu wengi tangu hapo, na nimeona kwamba fundi wangu si mtu mbaya kuliko wengine; amelelewa hivyo. Kwetu sisi kumsitiri mwenzio ni jambo tukufu. Tunafundishwa tangu chuoni kwamba anayemsitiri Muislamu mwenziwe naye atasitiriwa. Lakini stara hiyo ni ya mja na madhambi yake, aliyoteleza akajutia. Tangu lini tukaambiwa tuisitiri rejeta? Aliyesitiriwa hapa si mtu, ni bidhaa, na anayevuliwa nguo ni mnunuzi.

Masahaba walilijua hili vyema. Imam Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, anakisimulia kisa cha Wathila bin Al-Asqaa, radhi za Allah ziwe juu yake. Alikuwa amesimama sokoni, mtu mmoja akamwuza ngamia kwa dirhamu 300. Wathila alikuwa ameghafilika, na alipozindukana mnunuzi amekwisha kwenda zake na mnyama. Akamkimbilia akimwita, akamwuliza kama amemnunua wa kuchinja au wa kupanda. Mtu akasema wa kupanda. Wathila akamweleza kwamba ukwato wa ngamia yule una tundu aliloliona kwa macho yake, na kwamba hataweza safari ya mfululizo. Mnunuzi akarudi, na muuzaji ikambidi apunguze dirhamu 100. Muuzaji alilalamika kwamba ameharibiwa biashara yake, malalamiko yale yale aliyoyaogopa fundi wangu.

Zingatia, msomaji, kwamba Wathila hakuwa muuzaji wala mnunuzi wala dalali. Alikuwa mpita njia aliyejua. Na alichokisimamia ni mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba si halali kwa muuzaji kuificha ila, wala si halali kwa anayeijua kunyamaza. Ikiwa mpita njia alifungwa na sharti hilo, je, fundi aliyelipwa ujira ili aseme?

Wapo watakaonijibu kwamba siku hizi watu huuziana "kama lilivyo", na aliyekubali amekubali. Kwa sheria ya serikali huenda hoja hiyo ikasimama, hasa mtu binafsi anapomwuzia mtu binafsi. Sheria ile humlinda zaidi anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa ile. Lakini sisi wa mwambao ni Mashafii, na kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi, ambacho wanavyuoni wetu wamekisomesha vizazi kwa vizazi, kina lake. Muuzaji akishurutisha kuwa ametoka katika kila ila, sharti hilo halimwokoi ila katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua. Gari si mnyama, ingawa langu lina ubishi wa punda. Mnunuzi akigundua ila iliyokuwapo kabla, ana haki ya kulirudisha, maadamu hakukawia na hakuendelea kulitumia baada ya kujua.

Ukweli ni kwamba haki hiyo hakuna mahakama itakayokutimizia. Katiba ya 2010 imezifunga mahakama za Kadhi katika ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, baina ya Waislamu wanaokubali kwenda huko. Mambo ya rejeta hayamo. Kwa hivyo hukumu hii imebaki baina ya mtu na Mola wake, na huko ndiko wengi wetu tunakokwenda kwa mwendo wa polepole.

Mimi mwenyewe sasa ninauza. Dalali ameniambia kwamba kwa kuoshwa na kunyamaza litapata shilingi 330,000, na kwa kusema kila kitu halitafika hata 200,000. "Bwana, ukiyasema yote hayo utalala nalo," alinionya. Laki moja na elfu thelathini si fedha za kupuuza, nami nina watoto wanaosoma. Simdharau anayetetemeka mbele ya hesabu hiyo. Lakini aliyekuja kulitazama ni kijana wa mtaani petu, anataka kulifanya teksi, na fedha zake ni za mchezo aliochezewa na mamake pamoja na akina mama wenzake. Nimemwandikia karatasi kwa mkono wangu: gasketi ilibadilishwa lini, themostati nimeirudisha lini, rejeta inavuja wapi, breki ya nyuma inakwama ikipigwa na mvua. Imejaa pande mbili.

Ningependa kila gari katika mji huu liwe na daftari la namna hiyo, la bei ya kitabu cha mwanafunzi, fundi akiandika alichokigusa na kutia sahihi yake, na daftari lifuatane na funguo kila gari linapobadili mikono. Mafundi wawili niliowashauri walicheka. Wa tatu aliniuliza nani atakayelipa kalamu.

"Ami," kijana aliniuliza baada ya kuisoma karatasi, "na haya yote unayasema wewe mwenyewe?" Akaikunja akaitia mfukoni, akaenda nayo kwa fundi wake, ambaye si yule wangu. Jawabu bado sijalipata. Dalali ameacha kunipigia simu.