Biashara ni matangazo, lakini si kila bidhaa ni ya mtandaoni

WAFANYABIASHARA husema biashara ni matangazo. Wahenga nao walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mkulima au mchuuzi anayefikiria kutangaza bidhaa zake kupitia Facebook, Instagram au WhatsApp yuko katikati ya kauli hizo mbili, na kitakachomwamulia ni hesabu ya bidhaa yenyewe.

Mkoani Mtwara, kwa mfano, zao ni moja lakini masoko ni mawili. Korosho ghafi za mkulima huuzwa kwa mnada kupitia vyama vya ushirika, chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kutumika mkoani humo msimu wa 2007/08. Kuweka picha za magunia mtandaoni hakumwongezei bei. Lakini mjasiriamali anayeuza korosho zilizobanguliwa, zikiwa kwenye pakiti, anaweza kupata mteja Dodoma au Dar es Salaam, kwa sababu bidhaa yake ni nyepesi, haiharibiki upesi na inaweza kubeba gharama ya kusafirishwa kwa basi.

Hata hivyo, naye hana budi kupiga hesabu. Chukua mfano wa pakiti yenye faida ya Sh2,000. Akitumia Sh30,000 kwa mwezi kwa ajili ya bando na tangazo la kulipia, lazima auze pakiti 15 ndipo arudishe fedha hiyo. Akituma pakiti 10 kwa mzigo mmoja na kulipia usafiri Sh5,000, faida inashuka hadi Sh1,500 kwa pakiti, na sasa lazima auze pakiti 20. Akituma pakiti tatu tu kwa gharama hiyo hiyo, anabaki na Sh1,000 kwa zote. Tena hizo ziwe pakiti za wateja wapya. Waliokuwa wakinunua kabla ya tangazo hawahesabiwi.

Nyanya za Ilula, mkoani Iringa, zina hesabu nyingine. Matenga mengi huwa tayari kwa wakati mmoja, na nyanya haisubiri. Mteja wa kilo mbili aliyeona picha hamsaidii mkulima anayehitaji mnunuzi mwenye lori. Huyu simu humfaa zaidi kuulizia bei ya soko la Ilala, Dar es Salaam, kabla ya kukubaliana na dalali. Kundi dogo la WhatsApp lenye wanunuzi wa jumla ni bora kwake kuliko wafuasi elfu moja wasionunua.

Lipo pia suala la kutegemea mlango mmoja. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp, ambazo zote ni za kampuni moja, zilizimika duniani kwa takriban saa sita. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa Tanzania na ikachukua siku kadhaa kurejea. Mfanyabiashara anayewajua wateja wake kwa majina ya Instagram tu, bila namba zao za simu, siku kama hizo hana njia ya kuwapata.

Anayetaka kujaribu ajipe miezi mitatu. Amuulize kila mteja mpya amemfahamu kwa njia gani, aandike daftarini pamoja na namba yake. Mwisho alinganishe faida ya wateja hao na bando, tangazo, usafiri na saa alizotumia kujibu ujumbe. Ikiwa haifidii, fedha hiyo irudi kwenye mtaji.