Mnunua Santuri Si Bishoo

Ukionekana na santuri mkononi hapa Arusha, yaani ile sahani nyeusi ya muziki iliyotangulia kaseti, unapewa jina moja kati ya matatu. Ukiwa na mvi, wewe ni mzee uliyekwama enzi za Mwalimu. Ukiwa kijana, wewe ni bishoo, umeona Wazungu wanafanya hivyo mtandaoni na wewe umeiga. Na ukiwa mwanachuo kama mimi, basi umechezea bumu.

Mimi ninapanga Kisongo, na kila nikirudi na santuri kwenye daladala lazima nisikie neno. Konda mmoja aliniuliza kama nakwenda kulia wali. Nilicheka, maana utani ulikuwa mzuri. Lakini kuna utani unaofurahisha na kuna jina linalofunga mjadala. Ukishamwita mtu bishoo, huulizi tena amenunua nini. Na mimi nataka tuulize.

Tuanze na hili la Uzungu. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walipanda meli Zanzibar wakaenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili kwenye santuri za HMV. Karibu miaka 100 sasa. Bibi zetu wa pwani walikuwa wanasikiliza santuri za lugha yao wakati baba zetu hawajazaliwa. Sasa nikinunua santuri ya Kiswahili, nimemuiga nani hasa?

Njoo karibu zaidi, hapa hapa mjini. Mwaka 1970 ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, walitoka Tanga wakaja Arusha na kuanzisha Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walivuka kwenda Kenya, na bendi ikawa Simba Wanyika. Baadhi ya wanamuziki wake walijitenga mwaka 1978 wakaunda Les Wanyika, wale wa "Sina Makosa", wimbo ambao hakuna harusi isiyoupiga. Kwa nini walikwenda Nairobi? Sababu mojawapo ni santuri. Studio na mitambo ya kutengeneza santuri vilikuwa kule, wakati huku kwetu bendi nyingi zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye kanda, kwa ajili ya kurushwa hewani. Bendi iliyotaka jina lake liuzwe dukani iliangalia njia ya Namanga. Halafu mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yalikuwa hapa Arusha, ikavunjika, mpaka ukafungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Hiyo santuri unayoicheka ina historia ya mji huu ndani yake.

Na vijana wa A-Town, tusisahau tunachojivunia. Huwezi kukaa kijiweni Arusha bila kuambiwa kwamba huu ni mji wa hip hop. Sawa kabisa. Ila siku inayohesabiwa kuwa ya kuzaliwa kwa hip hop ni tarehe 11 Agosti 1973, kule Bronx, New York, DJ Kool Herc alipopiga muziki kwenye sherehe ya dada yake. Alipiga kwa santuri. Mbinu iliyompa jina ni kuweka nakala mbili za santuri ile ile kwenye mashine mbili na kurudiarudia kile kipande cha ngoma ambacho watu walikuwa wanakisubiri. Mtu anayevaa kofia ya hip hop huku akicheka santuri anamcheka mama yake mzazi.

Sasa niwe mkweli, kwa sababu majina haya hayakutoka hewani. Bishoo yupo. Nchini Marekani mwaka 2022 ziliuzwa santuri milioni 41, zikazipita CD kwa mara ya kwanza tangu 1987, na ripoti ya kampuni ya Luminate ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba ni nusu tu ya wanunuzi wa santuri kule wenye mashine ya kuzipigia. Nusu nyingine wanapamba ukuta. Yupo pia yule anayekwambia simu yako haina muziki, kwamba santuri ndiyo sauti halisi, ukimsikiliza dakika tano unatamani kuhama meza. Huyo nami simtetei. Santuri yenye mikwaruzo inapiga kelele kama mahindi yanayokaangwa, na hakuna haja ya kudanganyana.

Ninachotetea ni kingine. Ninazo santuri saba. Ya bei kubwa kuliko zote ilinigharimu sh. 10,000, nilijinyima chipsi, bumu halikulia. Mashine sina. Mashine ni ya mzee mmoja jirani yangu, na huko kwake ndiko nilikojifunza jambo ambalo simu haikuwahi kunifundisha. Nilimpelekea santuri ndogo ya bendi ya zamani, ikapiga dakika tatu na kitu, ikaisha. Nikanyoosha mkono kuitoa.

"Mjukuu wangu, geuza," akasema. "Wimbo bado huo."

Alikuwa sahihi. Santuri ndogo haina nafasi ya wimbo mrefu, kwa hiyo bendi zetu zilikuwa zinaukata katikati: mashairi upande wa kwanza, na magitaa yakichanganya upande wa pili, pale ambapo watu wanaacha viti. Nimerudi mtandaoni nikakuta nyimbo kadhaa zimewekwa upande mmoja tu. Zimekatika pale pale utamu unapoanza, na wanaosikiliza wanadhani ndivyo zilivyo.

Na si magitaa tu yanayopotea. Soma kile kikaratasi cha duara katikati ya santuri. Kuna jina la wimbo, jina la bendi, kampuni, namba, na mara nyingi jina la mtunzi. Ukikuta wimbo huo huo kwenye simu, umeandikwa "zilipendwa mix", basi. Mtunzi kafutwa. Hili si suala la kumbukumbu tamu tu, ni suala la hela. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake nyimbo nyingi za miaka ya 70 bado zina wenyewe, na kama wenyewe hawapo, wapo watoto na wajukuu. Siku wimbo wa babu ukitumika kwenye tangazo, familia itaonyesha nini? Jina lake kwenye kile kikaratasi ni ushahidi wa kuanzia. Ushahidi huo leo unauzwa na wafanyabiashara wa Ulaya mtandaoni kwa madola, na mwingine uko juu ya kabati la bibi, chini ya bati la moto, unapinda taratibu kama chapati.

Kwa hiyo anayenunua santuri kwa sh. 10,000 na kuibakiza Arusha, hata kama ana mbwembwe, hata kama miwani yake haina lenzi, amefanya kazi ambayo sisi wengine hatujaifanya.

Likizo inakuja. Ukifika nyumbani, uliza kama kuna santuri. Zikiwepo, zitoe kwenye joto, zisimamishe wima kama vitabu, usizilundike. Piga picha kikaratasi cha pande zote mbili. Kisha muulize babu au shangazi ni nani anayeimba na nani anapiga solo, na uandike majibu yake, maana hayo hayako kwenye kikaratasi na wala hayako mtandaoni. Serikali yetu ya wanafunzi, nayo, inaweza kutenga alasiri moja ya muhula ujao, kila mtu alete alichokikuta na mashine moja ya kuazima. Gharama yake ni soda.

Na mkiniona kwenye daladala ya Kisongo na sahani yangu, niulizeni ni ya nani. Nitawaonyesha jina la mtunzi.